Bustani ya Kumzuia Bi Rukia

Mzee Salim alizikwa siku ileile aliyofariki, kama ilivyo desturi yao, na habari ilinifikia hapa Mukuyuni jioni nikiwa nimepiga magoti kitaluni, nikihamisha miche ya mipapai. Kesho yake asubuhi nilivaa gauni langu refu la kanisani, nikajifunga leso mbili, nikaenda Kitui. Sikujua kama mlokole kama mimi ana mahali pa kukaa katika matanga ya Waislamu, lakini nilipovua viatu mlangoni msichana mmoja alinishika mkono, akanipitisha katikati ya wanawake waliokaa mikekani mpaka chumba cha ndani. Huko ndiko alikokuwa Bi Rukia, mjane wake, amekaa eda, amejitanda shuka jeupe, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Aliuchukua mkono wangu, akaugeuza, akapapasa kiganja kwa kidole gumba. "Bado kigumu," akasema. Kisha akawaambia waliokuwa karibu, "Huyu ndiye alonitengenezea bustani, mimi nikakimbilia Mombasa." Wanawake walitazamana, hawakujua kama ni vyema kucheka nyumbani kwa msiba. Yeye alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo, na mimi pia. Nimerudi nyumbani nikiwa na hamu ya kuueleza mwaka ule wa bustani, kwa sababu tulikuwa watatu tulioujua vizuri, na sasa tumebaki wawili.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa na kitalu cha miche kando ya kijito, chini kidogo ya mji wa Kitui, na alikuwa ameniajiri kujaza udongo katika mifuko ya plastiki na kunyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku moja ya Septemba, vumbi likiwa limefunika kila jani, aliingia mzee mrefu mwenye kofia nyeupe ya viua, mikono ameifunga nyuma. Alizunguka kitalu chote, akasoma kila kibao, hakununua kitu. Mwisho akasimama mbele yangu. "Binti, unajua kupanga bustani?" Nikasema najua. Sikuwa najua. Nilikuwa nimeona bustani moja tu maishani mwangu, ile iliyokuwa mbele ya benki mjini, yenye nyasi fupi na mawe yaliyopakwa chokaa. "Mke wangu amesema nyumba haina ua," akasema Mzee Salim. "Mimi nataka awe na maua mengi. Na nataka yawe yamechanua kabla mwaka haujaisha." Nilidhani mwaka aliousema ni ule wa kalenda, na nikaanza kuhesabu kichwani: Oktoba, Novemba, Desemba. Nikamwambia haiwezekani kwa miezi mitatu. Akatabasamu, akasema tunayo kumi na moja.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya msikiti, nyumba ya babake, kuta nene na madirisha madogo. Mzee Salim alizaliwa hapo, kisha akafanya kazi Mombasa karibu maisha yake yote, na sasa alikuwa amestaafu na kumleta mkewe. Mbele ya nyumba kulikuwa na kiwanja kikubwa kitupu cha udongo mwekundu, mgumu kama sakafu, kikiteremka polepole mpaka barabarani. Nilipokuwa nikikipima kwa hatua, pazia la dirisha lilisogea, kisha sauti ya mwanamke ikaniita niingie jikoni ninywe chai kwanza. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona Bi Rukia. Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, mwenye vidole vyembamba, na aliketi kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi kwa uangalifu mkubwa. Baadaye nilijua kuwa nazi zile alikuwa ameletewa chache kutoka pwani na hakutaka hata unga wake udondoke.

"Waitwaje, mwanangu?"

"Naitwa Mutindi."

Akaacha kukuna. "Mtindi? Mamako alikuita maziwa yaliyoganda?"

"Si mtindi. Ni Mutindi. Ni jina ya Kikamba."

"Jina la Kikamba," akanirekebisha. "Jina la. Haya, Mutindi, kunywa chai. Na umekuja kufanya nini?"

"Kupanda hii maua ya Mzee."

"Haya maua. Haya." Akarudi kwenye nazi yake. "Na Mzee amekwambia maua ya nini?" Nikamaliza chai yangu. Nilipoinuka kusuuza kikombe niliona chumbani, kupitia mlango ulio wazi, masanduku sita yamepangwa ukutani, yamefungwa kwa kamba. Nikasema ningeweza kumsaidia kuyafungua siku yoyote, kwa kuwa nilidhani ni kazi nzito kwa mtu mmoja. "Yaache," akasema. "Ya nini kufungua kitu cha kufungwa tena?"

Nilichora mpango wangu kwenye karatasi ya daftari, na ulikuwa ni ile bustani ya benki, sina haja ya kuficha. Nyasi katikati, njia moja iliyonyooka kutoka lango mpaka mlango, mawe meupe pande zote, waridi kwa mistari kama watoto wa shule paredini. Mzee Salim aliutazama mpango ule kwa heshima ambayo sikuistahili. Aliajiri vibarua wakalima kiwanja, tukapanda nyasi tawi kwa tawi, tukamwagilia kwa ndoo mpaka mabega yakavimba. Kila adhuhuri Bi Rukia aliniita jikoni. Hapo ndipo nilipokula mbaazi za nazi kwa mara ya kwanza, na mahamri yake yaliyonukia iliki, na nilipomwambia kwamba mbaazi kwetu zinaota mpaka kwenye mipaka ya shamba, hakuamini. Wiki iliyofuata nilimletea mfuko wa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, na ukiupika pamoja na mbaazi na kitunguu, ni chakula cha Mkamba kamili. Alikula sahani mbili. Halafu akasema chakula ni kizuri ila kinalia kukosa nazi. Nikamwambia mahamri yake yanalia kukosa chai ya maziwa mengi. Tukaelewana hivyo. Lakini bustani hakutoka kuiona hata siku moja. Aliichungulia dirishani, na nilipomuuliza anaionaje alisema, "Nzuri. Nikiingia nitaulizwa kama nina akaunti."

Mvua ya Novemba ilikuja alasiri moja kwa kishindo. Ilinyesha muda mfupi tu, lakini maji yote ya mtaa wa juu yalipata njia yangu iliyonyooka, yakaingia nayo kama yaliyoalikwa. Yalibeba nyasi, waridi, mbolea, na yakayapeleka mawe meupe mpaka ng'ambo ya barabara. Nilisimama barazani nimeshika kichwa. Mimi, mtoto wa Mkamba, niliyekuwa nimechimba matuta ya kuzuia udongo shambani kwetu tangu nikiwa na nguvu za kuinua jembe, nilikuwa nimelima mteremko bila hata tuta moja, kwa sababu nilidhani bustani ya mjini ni kitu kingine. Ndipo niliposikia mlango ukifunguliwa. Bi Rukia alitoka, kanga ameipandisha mpaka magotini, miguu mitupu, akaingia topeni akikimbiza mche wa waridi uliokuwa ukielea kuelekea lango. Aliudaka, akateleza, akakaa chini kwenye tope akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. "Mutindi!" aliniita. "Njoo uokoe maua yako, yanakwenda sokoni!"

Baada ya siku hiyo tulianza upya. Nilisoma alama ambazo maji yaliacha na kuchimba matuta kwa kuyafuata, yakipinda jinsi kiwanja chenyewe kilivyopinda, na chini ya kila tuta mtaro wa kushika maji. Njia niliizungusha. Nilipanda kwanza vya kutoa kivuli na vya kuvumilia, mwarobaini na bogenvilia, na shubiri zile za kwetu zinazochanua rangi ya chungwa wakati kila kitu kimekauka. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi aliniletea kutoka Tseikuru vijiti vitatu vya ule mmea mnene wa nyikani, shina kama tumbo la chupa, unaoangusha majani yote kisha unajaza maua ya rangi ya waridi. Bi Rukia alivitazama akasema ni magogo. Siku vilipochanua alikaa mbele yake karibu asubuhi nzima. Na ni katika siku hizo za kuanza upya alipotoka jikoni ameshika kopo la mafuta ya kupikia lenye udongo, ndani yake kijiti chenye majani saba au manane. Ilikuwa asmini. Mamake aliipanda Mombasa mwaka aliozaliwa Bi Rukia, na mamake alipofariki, Bi Rukia alikata tawi akaja nalo. "Nimeiweka dirishani kwa kuwa sikuiamini ardhi hii," aliniambia. "Lakini wewe nimeanza kukuamini. Usiiweke kwenye njia ya maji." Niliipanda karibu na baraza, nikaiwekea kijiti cha kuparamia, na kila asubuhi kabla ya kitu kingine chochote nilikwenda kuitazama.

Siku hizi watu huniletea picha katika simu zao. Mtu amejenga nyumba nzuri Kibwezi au hapa Mukuyuni, ananionyesha nyasi za kijani kibichi za nchi zinazonyeshewa mwaka mzima, ananiambia nataka kama hii. Zamani ningesema sawa. Sasa huomba kiti, nikakaa, nikauliza nani huamka wa kwanza katika nyumba hii, na hukaa wapi akinywa chai yake, na jua la saa tisa humpiga nani. Wengine huona nawapotezea muda. Mwanamume mmoja aliniuliza kama mimi ni mtunza bustani au mchungaji. Sikumweleza nilikojifunza.

Maana ya ule mwaka wa Mzee nilikuja kuijua Januari, nikiwa napalilia chini ya dirisha la chumba chao. Sikukusudia kusikiliza, lakini dirisha lilikuwa wazi na wao hawakujua nipo. Mzee Salim alikuwa akisema kwamba bogenvilia imeanza kushika ukuta, kwamba ifikapo Agosti lango lote litakuwa jekundu. Bi Rukia akamjibu taratibu, bila ukali, "Salim, tuliagana mwaka mmoja. Nilikwambia nitakuja nikae mwaka, moyo ukikataa nirudi kwetu. Moyo hauangalii bogenvilia." Kisha Mzee akasema, "Mwaka bado haujaisha." Akasema kwa sauti ndogo ya mtu anayejaribu mlango kama umefungwa. Nikaondoka pale kwa kutambaa, jembe mkononi. Ndipo nilipofahamu kazi niliyopewa. Mzee yule hakuajiri mpanda maua. Aliniajiri nimzuie mkewe asiondoke, na hakuwa ameniambia, na pengine hata yeye hakuwa amejiambia.

Tangu siku hiyo nilifanya kazi kwa hofu. Nilikuwa nimempenda Bi Rukia, nami sikutaka aende. Mvua ya Aprili ilikuwa haba lakini ilitosha, na asmini ikatoa maua yake ya kwanza, meupe, ya petali chache zilizopangwa safu moja. Bi Rukia aliyachuma na mrehani akafunga kikuba kidogo, akakitia kifuani, na Mzee Salim alipotoka msikitini na kuinusa harufu ile mlangoni alisimama, akavua kofia, akaivaa tena. Nilidhani tumeshinda. Kisha likaja jua la Juni na Julai, pamoja na ule upepo wa baridi unaokausha kuliko jua lenyewe. Ili kuhifadhi unyevu nilileta mabua makavu ya mahindi nikayatandaza kila mahali, na kwenye asmini niliongeza, nikayarundika mpaka yakagusa shina, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Bi Rukia alikuwa amekwenda Mwingi kwenye harusi ya jamaa. Siku ya pili ya safari yake nilikuta majani yamelegea. Nilipoinua mabua, mchwa walikuwa wamejaa, wamejenga udongo wao kuzunguka shina, na nilipoligusa shina liling'oka mkononi mwangu bila mizizi.

Nilimwonyesha Mzee Salim nikilia. Alilishika lile shina kwa muda mrefu. "Akirudi asilione," akasema. "Binti, nenda Kibwezi. Kule kando ya mto wana vitalu vikubwa, asmini haikosi. Lete ya kimo hiki hiki." Ningeweza kusema hapana. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya ndoa yao, lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeiua, na nilitaka isijulikane. Barabara ya Kibwezi wakati ule ilikuwa mawe na vumbi mwanzo hadi mwisho. Nilikwenda na kurudi kwa siku mbili, mche nimeupakata kama mtoto. Tukaupanda palepale, kwenye kijiti kilekile. Mzee Salim mwenyewe alifagia udongo uliomwagika.

Bi Rukia alirudi na furaha ya harusi, mikono imepakwa hina. Kila asubuhi alipita pale barazani, akainamia asmini, akanusa majani tu, akasema, "Mama, bado upo." Siku ya tatu ilifungua maua mawili. Nilikuwa nachota maji kwenye pipa. Nilimwona akichuma moja, akalipeleka puani, akafumba macho, kisha akayafumbua haraka. Akaanza kulichambua, petali kwa petali, zikimwangukia miguuni.

"Mutindi."

"Ndiyo, Bi Rukia."

"Asmini ya mamangu ina petali safu moja. Hii imejazana kama kitunguu. Yangu iko wapi?"

Mzee Salim alikuwa ametokea mlangoni. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemtuma alete nyingine."

"Mimi ndiye niliua," nikasema. "Niliweka mabua karibu sana na shina, mchwa ikakuja."

Safari hii hakurekebisha Kiswahili changu. Wala hakupaza sauti. "Mti hufa," akasema. "Mamangu mwenyewe amekufa. Hilo nisingelaumu mtu. Lakini siku tatu mmekaa hapa mkinitazama nikizungumza na mti wa watu. Nyote wawili. Mkinitazama." Akamgeukia mumewe. "Bustani hii ni nani aliyeitaka, Salim?"

"Wewe. Siku ya kwanza ulisema nyumba haina ua."

"Haina ua!" Akapiga kiganja kwenye ukuta wa baraza. "Ua, Salim, ua! Pahala penye kuta nne na mbingu juu, nitoke chumbani nikae kichwa wazi, nioshe nywele zangu nizikaushe juani pasi na mtu kuniona. Maisha yangu yote nimekaa nyumba yenye ua. Hapa nimekuwa mfungwa wa jikoni, nikitoka nimo barabarani. Mimi nataka ua, wewe waniletea maua!"

Baadaye, miaka mingi baadaye, wao wawili walizoea kulisimulia jambo hili kwa wageni na watu wakashika mbavu. Siku ile hakuna aliyecheka. Mzee Salim alisimama amefungua mdomo. "Hukunieleza," akasema. Bi Rukia akamjibu, "Hukuniuliza," akaingia ndani. Wiki mbili baadaye mwaka wao ulitimia, naye akaondoka kwenda kwa dada yake Mombasa. Masanduku yalimkuta yamefungwa tayari. Bogenvilia ilikuwa imelijaza lango kama Mzee alivyobashiri, na gari lililomchukua lilipita chini yake.

Niliendelea kwenda kila siku kwa sababu sikujua la kufanya. Mzee Salim alikuwa akikaa barazani, tasbihi mkononi, chai ikipoa. Jikoni hapakuwa na moto. Nilikuwa nikimpikia viazi vitamu, naye alikula kwa adabu ya mgeni. Juma la pili alisimama ghafla akasema tuite mafundi, kiwanja cha nyuma kipo, matofali yapo, tujenge ua haraka tumfanyie mshangao. Macho yake yalikuwa yameng'aa kama ya kijana. Na mimi, niliyekuwa nimekubali kila kitu tangu ile siku ya kitaluni, nilimwambia, "Mzee, hapana. Tutakosea tena. Hatujui anataka mlango uwe upande gani." Alinitazama kama kwamba nimemkosea heshima. Sikurudisha neno langu. Akakaa. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa koti, akaniambia nimsindikize posta.

Kulikuwa na kibanda cha simu nje ya posta, mlango wake haufungiki, kwa hivyo nilisikia. Alimsalimia shemeji yake, akauliza hali za watu wote mmoja mmoja mpaka nikaogopa sarafu zitakwisha. Halafu akasema, "Rukia? Ni mimi. Nataka kukuuliza jambo." Akalamba midomo. "Ule ua. Uwe na upana gani?" Sikusikia jibu. Nilimwona tu akisikiliza, paji la uso ameliegemeza kwenye kioo. "Na mlango?" akauliza. "Na wataka kivuli, au jua?" Akauliza na kuuliza, mzee yule, maswali ya mwaka mzima, watu nyuma yetu wakikohoa kwa foleni. Alipoweka simu chini aligeuka kwangu, akasema kwa mshangao, "Amesema nisiguse kitu. Anakuja apime mwenyewe."

Alifika baada ya majuma matatu. Nilimuuliza jikoni, tukiwa wawili, kama alirudi kwa sababu ya simu ile. Akasema simu ilisaidia. Kisha akasema kwamba nyumbani kwa dada yake alipendwa sana, akapikiwa, akalazwa kitanda kizuri, na kila aliyeingia alimuuliza, "Unarudi lini?" Mwanzoni alidhani ni maneno ya adabu. "Halafu nikaona wote wanajua kitu nisichokijua mimi," akasema, "kwamba pale mimi ni mgeni. Na mgeni ni mgeni, Mutindi, awe kwao au ugenini. Basi nikaona bora nije niwe na ugeni wangu pahala ambapo mtu ananisubiri." Nilimwomba msamaha kwa ajili ya asmini. Akaniambia nimenye vitunguu.

Ua ulipimwa kwa nyayo zake, nyuma ya nyumba, kuanzia mlango wa jikoni. Alitembea akihesabu, Mzee Salim akimfuata na vigingi, nami na kamba. Alibadilisha mawazo mara nne. Kuta zilijengwa kwa matofali ya kuchoma, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na sikuruhusiwa kupanda kitu mpaka akae ndani siku saba, kiti akikisogeza na jua, ajue wapi panapoa saa ngapi. Hapo ndipo aliponiambia: mrehani hapa, karibu na kisu cha jikoni; mlimau kule; na pembeni ya mfereji wa maji ya kuoshea vyombo, asmini ile ya Kibwezi, ile ya kitunguu. Nilishangaa. Nilidhani angeing'oa. "Ina kosa gani?" akasema. "Yenyewe haikumdanganya mtu." Tulipoihamisha aliishika shina yeye mwenyewe huku mimi nikijaza udongo, na mabua hakuna aliyeyataja.

Siku kazi ilipokwisha ilikuwa Ijumaa, Mzee Salim yuko msikitini. Bi Rukia alinikataza kushika jembe. Alitandika mkeka katikati ya ua, akaleta kahawa na halua aliyotoka nayo Mombasa, akaniambia nikae kama watu. Kisha akafunga mlango wa jikoni kwa komeo, akauvua mtandio wake. Katika mwaka mzima sikuwa nimeziona nywele zake. Zilikuwa ndefu, zimeingia mvi, na alikuwa ameziosha. Alizimwaga mabegani, akaligeuzia jua mgongo, akafumba macho. Mahali fulani nje ya ukuta mtu alikuwa akipita na mbuzi, na kengele ilisikika ikija, ikapita, ikaenda, na yeye hakugeuka wala hakuutafuta mtandio.

Baada ya muda tulisikia viatu vya Mzee Salim vikiingia nyumbani, vikapita sebuleni, vikaja mpaka jikoni. Alijaribu mlango, akaukuta umefungwa. Nilitaka kuinuka nimfungulie, Bi Rukia akanishika goti.

"Hodi," akasema Mzee Salim kutoka ndani.

Bi Rukia alikuwa akitabasamu, macho bado ameyafumba.

"Hodi, Rukia. Naweza kuingia?"

Akazikusanya nywele zake taratibu upande mmoja, akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Mutindi," akaniambia, "mfungulie mume wangu." Kisha akapaza sauti ili asikie: "Karibu, Salim. Karibu kwangu."